Jina la Jirani

Katika Kiswahili, herufi moja tu hutenga Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, ambaye wazee wetu wa pwani walizoea kumwita Baniani. Walakini katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu hatuichungi herufi hiyo. Tukimwona mzee wa Kisingasinga, mwenye kilemba na ndevu ambazo hazijapata kuguswa na wembe, tunadhani kuwa naye huenda kusujudu mbele ya sanamu katika hekalu lile lile aendalo Baniani. Sivyo. Tena kosa hilo si dogo kama lionekanavyo, maana Masingasinga, ambao hapa Kenya huitwa pia Makalasinga, wameulizwa swali hilo hilo katika nchi ya asili yao kwa karne nyingi: Je, ninyi si Wahindu? Na ikiwa si Wahindu, mbona vinywani mwenu mna majina ya miungu ya Wahindu?

Swali la pili ndilo nitakalo tulitazame. Linawahusu Masingasinga, lakini linamhusu pia kila mtu aliye na jirani wa dini nyingine. Mtu akitumia maneno ya dini ya mwenzake, je, amekwisha kuikubali dini hiyo? Na akiikataa dini hiyo, je, imempasa ayateme maneno yake pia?

Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisingasinga, alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, nchi ya Punjab, mahali ambapo leo huitwa Nankana Sahib na pamo ndani ya mipaka ya Pakistani. Neno guru maana yake ni mwalimu aongozaye watu katika mambo ya roho. Wazazi wake walikuwa Wahindu, na watawala wa nchi walikuwa Waislamu. Mtoto aliyekulia Punjab siku zile alisikia adhana na kengele za hekalu kabla hajajua tofauti yake. Mwandani wa Nanak katika safari zake, Mardana, alikuwa Mwislamu mpiga rababu. Mmoja alitunga na kuimba, mwingine akipiga nyuzi, na hivyo ndivyo nyimbo za kwanza za dini hii zilivyosikika.

Wasimulizi wa maisha yake waeleza kuwa siku moja, huko Sultanpur, Nanak alikwenda kuoga mtoni asionekane tena kwa muda wa siku tatu, na alipotokea neno lake la kwanza lilikuwa kwamba hapana Mhindu wala hapana Mwislamu. Neno hili limefasiriwa kwa njia nyingi. Wako wasemao kuwa alitaka kuzichanganya dini mbili ziwe moja, kama mtu achanganyavyo maziwa na chai. Mimi sikubali. Mwenye nia ya kuchanganya hujihadhari asimuudhi mtu, ilhali Nanak aliwakemea Mabrahamani kwa mambo yao na makadhi kwa mambo yao, kwa ulimi ule ule usiopakwa asali. Yamkini alitaka kusema kwamba aliwatafuta Mhindu wa kweli na Mwislamu wa kweli asiwaone, ila majina tu. Au kwamba machoni pa Mungu vibandiko hivyo havisomwi. Fasiri zote mbili zalingana na maisha yake. Ya kuchanganya hailingani.

Baada yake walifuata viongozi wengine tisa. Wa tano miongoni mwao, Guru Arjan, alikusanya nyimbo takatifu katika kitabu kimoja, kikawekwa mwaka 1604 katika hekalu la Amritsar. Kitabu hicho huitwa leo Guru Granth Sahib, nacho katika chapa ya kawaida kina kurasa 1,430. Ajabu yake ni kwamba wenye nyimbo humo si viongozi wa Kisingasinga peke yao. Yumo Kabir, mfuma nguo wa Banaras, aliyelelewa katika nyumba ya Waislamu. Yumo Ravidas, fundi wa ngozi, mtu ambaye wakuu wa matabaka ya Kihindu walimhesabu kuwa najisi. Yumo Namdev, mshona nguo kutoka Maharashtra, mbali kabisa na Punjab. Yumo na Sheikh Farid, Mwislamu wa njia ya Kisufi, aliyeishi kama karne mbili kabla Nanak hajazaliwa. Vitabu vitakatifu vilivyowapa watu wa nje kiti cha kukalia ndani yake ni vichache mno duniani, na hapa hawakupewa kiti cha mlangoni: wimbo wa fundi wa ngozi husujudiwa pamoja na wimbo wa Guru.

Basi, mtu akikifungua kitabu hicho atamkuta Mungu akiitwa Hari, Ram, Gobind na Gopal. Hari ni jina la Vishnu, na limo humo maelfu ya mara. Gobind na Gopal ni majina ya Krishna, mchunga ng'ombe, ambaye Wahindu huamini kuwa ni Vishnu aliyejivika mwili wa binadamu. Lakini ukurasa haufiki mbali kabla hujakutana pia na Allah, Khuda, Rahim na Karim. Na Mswahili atakaposomewa kitabu hicho atashtuka kusikia jamaa zake. Mapenzi ya Mungu yanayoongoza ulimwengu huitwa humo hukam, ndilo neno letu hukumu. Mtazamo wa huruma ambao Mungu humtupia mja wake huitwa nadar, ndilo neno letu nadhari. Dunia ni duniya. Na jumuiya ambayo Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi, aliianzisha mjini Anandpur mwaka 1699 huitwa Khalsa, neno ambalo mzizi wake ni mmoja na halisi letu. Maneno hayo yote yalitoka Arabuni. Mengine yalikwenda kaskazini kwa njia ya Uajemi hata yakafika Punjab, mengine yakashuka na majahazi ya msimu hata yakafika Lamu na Mombasa.

Nimeyataja haya kwa kuwa sisi wenyewe ni mashahidi wa jambo tunalolichunguza. Mkristo wa Kenya anaposali kwa Kiswahili hutamka dhambi, malaika, nabii, imani na hata sala yenyewe, maneno yote ya Kiarabu yaliyotumiwa na Waislamu wa pwani kabla mmisionari hajashuka pwani hiyo. Hapana asemaye kwamba Mkristo huyo amesilimu. Neno Mungu lenyewe si la Kiarabu wala si la Kiebrania. Ni la Kibantu, na mababu waliokuwa wakilitamka hawakuwa wamesoma Kurani wala Biblia. Leo Mwislamu na Mkristo wote hulitumia, kila mmoja akiwa na imani yake. Wakikuyu, Wakamba na Wamasai walikuwa na jina moja, Ngai, ingawa matambiko yao hayakuwa yale yale. Na Mkikuyu alipobatizwa hakulitupa jina hilo, akaingia nalo kanisani. Huenda mtu akasema kuwa haya ni kuazima. Mimi siipendi sana kauli hiyo. Kitu cha kuazima hurudishwa, na hapana aliyewahi kurudisha jina la Mungu kwa mwenyewe. Nanak naye hakuliazima jina la Hari kwa jirani, kwa maana alilikuta katika nyumba ya mama yake.

Lakini je, Ram huyu ni yule? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ram wa Wahindu ni mwana wa mfalme Dasharath wa Ayodhya, mume wa Sita, shujaa wa ule utenzi mrefu uitwao Ramayana. Alizaliwa, akaoa, akafukuzwa kwao, akapigana vita, akatawala. Mungu wa Nanak hakuzaliwa na hafi. Kitabu cha Masingasinga huanza kwa tarakimu, si kwa neno: huanza kwa moja, na mara baada yake hutajwa sifa za huyo Mmoja, kwamba ni wa kweli, ni muumba, hana hofu, hana uadui, hafungwi na wakati, hakuingia tumboni mwa mama. Asiyeingia tumboni mwa mama hawezi kuwa mwana wa Dasharath. Kabir alilieleza jambo hili waziwazi: alionya kwamba jina Ram lina siri ndani yake, kwa kuwa watu wote hulitamka, lakini mmoja humkusudia shujaa wa michezo na hadithi, na mwingine humkusudia Yeye aliyeenea katika kila kitu. Sauti ni moja, akusudiwaye ni mwingine.

Ni nini basi hadhi ya miungu yenyewe? Dini nyingine zilipokutana na miungu ya majirani zilichagua mojawapo ya njia mbili: ama zilisema kuwa miungu hiyo haipo, ni mawe na miti tu, ama zilisema kuwa ipo lakini ni mashetani. Nanak hakushika hata moja. Katika Japji, sala ambayo Singasinga huisoma alfajiri, amewataja Brahma aumbaye, Vishnu alishaye na Shiva ahukumuye, akawafanya kuwa kama wanafunzi watatu waliozaliwa ili watumike. Hufanya waamriwalo. Na jambo la kustaajabisha zaidi, Mungu anawaona wao, lakini wao hawamwoni. Hapo hawakutukanwa wala hawakufutwa. Wameshushwa tu kutoka kitini wakasimamishwa barazani pamoja na watumishi wengine. Na mahali pengine katika sala hiyo hiyo Nanak asema kuwa wamo kina Krishna wengi, kina Brahma wengi na kina Shiva wengi katika maumbile yasiyo na mwisho. Mfalme akiwa mmoja hutisha. Ukiambiwa kuwa wako wengi wasiohesabika, unatambua kuwa si wafalme.

Kwa sababu hiyo hadithi za miungu ziliweza kubaki. Kitabu hicho hutaja mara nyingi habari za kijana Prahlad, mwana wa mfalme mwenye kiburi aliyetaka aabudiwe yeye. Prahlad alikataa kumwabudu baba yake, akateswa, na mwishowe akaokolewa na Narsingh, nusu mtu nusu simba, atokaye katika nguzo. Kwa Mhindu, Narsingh huyo ni Vishnu mwenyewe. Kwa Singasinga, hadithi hiyo ni mfano wa jinsi Mungu asivyomtupa ampendaye, na simba wa nguzoni si wa kujengewa hekalu. Mwalimu anayewasimulia watoto habari za Sungura na Fisi hawafundishi kuwa fisi husema. Afundisha uroho na mwisho wake. Mfano wangu si kamili, maana hapana aliyewahi kumwabudu Sungura, lakini waonyesha jinsi hadithi iwezavyo kuhama nyumba ikaacha nyuma madhabahu yake.

Nisiufiche ugumu uliopo. Yako maandishi mengine, yaitwayo Dasam Granth, ambayo kwa mapokeo yanahusishwa na Guru Gobind Singh, na ndani yake mna masimulizi marefu ya miili ishirini na minne ya Vishnu na ya vita vya mungu mke Chandi. Masingasinga wenyewe hawakubaliani kama maandishi hayo yote ni ya Guru, wala kama yasomwe kuwa ibada au kuwa tenzi za kuwatia watu ushujaa. Lakini katika maandishi hayo hayo mna onyo kali juu ya Guru mwenyewe, kwamba yeyote atakayemwita Mungu ataangukia motoni. Mtu anayekataa kuabudiwa yeye mwenyewe hawi mwepesi wa kuwatafutia watu wengine wa kuabudu.

Mpaka hapa nimemsikiliza Singasinga peke yake, na si haki kumhukumu mtu kabla hajasema. Mhindu msomi angejibu hivi: Hayo aliyoyasema Nanak ni yetu. Wahenga waliotunga Veda na Upanishadi walisema zamani, maelfu ya miaka kabla ya Punjab kumsikia Guru, kwamba Aliyeko ni mmoja ila wenye hekima humwita kwa namna nyingi, na kwamba nyuma ya sura zote yuko Brahman asiye na sura. Vishnu na Shiva si wapinzani wake. Ni nyuso zake. Na sanamu si mungu. Ni mahali pa kutua jicho, maana jicho la binadamu haliwezi kutua penye utupu.

Jawabu hili lina nguvu, nami sidhani kuwa laweza kupuuzwa na mtu mwenye akili. Singasinga hujibu: Ikiwa mnajua kwamba sanamu si mungu, mbona mnaiogesha, mnaivika na kuiwekea chakula? Wenye hekima wachache wanajua ni ishara tu, lakini maelfu waliopiga foleni mlangoni wanaomba mtoto na mvua kwa jiwe. Hapo Mhindu naye humrudishia swali lake: Na ninyi je? Kitabu chenu mnakilaza kitandani chini ya dari ya kitambaa, mnakipepea kwa usinga, usiku mnakiondoa kwenda kupumzika, na kila aingiaye huinama mbele yake mpaka paji la uso likagusa sakafu. Tofauti iko wapi?

Singasinga atasema kuwa tangu mwaka 1708, Guru Gobind Singh alipokaribia kufa huko Nanded na kuagiza kwamba kitabu ndicho kitakachokuwa Guru badala ya mtu, wao huinamia Neno lililomo wala si karatasi na wino. Naamini asemavyo. Lakini kama naamini kuwa yeye haabudu karatasi, haki yanipasa nimwamini pia Baniani asemapo kuwa haabudu jiwe. Tofauti iliyopo ni hii: Neno humwambia mtu jambo, humkosoa, humwamuru amlishe mwenye njaa, sanamu hunyamaza, na mwenye kuitazama hujaza ukimya huo kwa apendavyo. Singasinga huona hatari katika ukimya huo. Mhindu huona humo nafasi ya upendo. Sidhani kuwa mashindano haya yatakwisha, wala sioni hasara yakiendelea, maadamu kila mmoja husema anachokisema mwenzake bila ya kukipotosha.

Mawazo nayo yalihama kama majina yalivyohama. Singasinga huamini, kama Mhindu aaminivyo, kwamba matendo ya mtu humfuata, na kwamba roho huzaliwa tena na tena mpaka ipate kufunguliwa. Lakini amelitia wazo hili ndani ya lile la hukam na nadar: matendo hukupa nguo ya mwili, mlango wa kutokea hufunguliwa na rehema. Huwezi kujikomboa kwa kuhesabu mema yako kama mwenye duka ahesabuvyo mapato. Mwislamu na Mkristo wakilisikia neno hilo la rehema hawatajiona ugenini.

Yako mambo ambayo hayakuhama, na hapa Nanak hakuwa na msamaha. La kwanza ni matabaka. Mtoto wa kiume wa tabaka la juu huvikwa uzi mtakatifu begani, na mapokeo yasema kuwa Nanak alipoletewa uzi wake aliukataa mbele ya wageni wote walioalikwa. Alitaka uzi uliosokotwa kwa huruma na kwa kiasi, ambao hauchafuki na haukatiki, na kama kasisi alikuwa nao huo basi amvike. Kasisi hakuwa nao. Kutokana na msimamo huo ikazaliwa desturi ya langar, yaani jiko la wote, ambapo tajiri na maskini, Brahmani na fundi wa ngozi, huketi chini mstari mmoja na kula chakula kimoja. Asiyejua ukali wa desturi ile atadhani ni ukarimu tu. Katika nchi ambayo kivuli cha mtu wa tabaka la chini kiliweza kuhesabiwa kuwa najisi, kuketi hivyo kulikuwa ni kuivunja sheria ya miungu hadharani. Msafiri wa njia ya Mombasa na Nairobi aweza kuiona desturi hiyo hadi leo pale Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, ambako kila apitaye hupewa chakula bila ya kuulizwa dini yake wala kabila lake.

La pili ni matendo ya ibada yasiyo na akili ndani yake. Inasimuliwa kuwa huko Haridwar, kwenye mto Ganges, Nanak aliwakuta watu wakichota maji na kuyarusha upande wa mashariki ili yawafikie mababu zao waliokufa. Akaingia mtoni, akageuka magharibi, akaanza kurusha yake kwa bidii. Wakamwuliza afanyalo. Akasema anamwagilia shamba lake lililoko Punjab. Wakamcheka, naye akawauliza kwamba, ikiwa maji yake hayawezi kufika shambani hapa hapa duniani, hayo yao yatafikaje kwa wafu? Hadithi hii huwafurahisha sana vijana, nami naipenda. Lakini kila nikiifikiri namwona pia mzee mmoja katika umati ule, aliyefiwa na baba, ambaye hakuwa akipeleka maji kwa kweli bali alikuwa akipeleka huzuni yake. Huyo mzee hadithi haikumpa nafasi ya kusema.

Msomaji huenda akauliza kwa nini Masingasinga wanashikilia sana mpaka wao, ikiwa walishirikiana na Wahindu majina, hadithi, na mara nyingi hata damu, kwa maana katika Punjab ya zamani ndugu wawili wa tumbo moja waliweza mmoja kuwa Mhindu na mwingine Singasinga. Sababu ni kwamba mdogo akikaa karibu na mkubwa huogopa kumezwa. Dini ya Kihindu ni pana kama bahari. Haikufukuzi, yakukaribisha. Humwambia mgeni, wewe ni mmoja wetu, Guru wako ni mmoja wa watakatifu wetu, na pengine tutamweka sanamu. Mwaliko wa namna hiyo ni mzuri, lakini wamtaka mgeni aache lile moja alilokuja nalo. Mwaka 1898 mwanachuoni Kahn Singh wa Nabha alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilikuwa ni tangazo kwamba sisi si Wahindu. Mwaka 1905 sanamu za miungu zilizokuwa zimewekwa katika viwanja vya hekalu la Amritsar ziliondolewa. Mwaka 1909 ndoa ya Kisingasinga, iitwayo Anand, ikapata sheria yake.

Hata hivyo hofu haikwisha. Katiba ya India ya mwaka 1950, katika kifungu cha 25, yakubali kuwa kuvaa na kuchukua kirpan, yaani upanga mdogo, ni sehemu ya dini ya Kisingasinga. Na katika kifungu hicho hicho, panapozungumzwa juu ya kuyafungua mahekalu ya Kihindu kwa watu wa matabaka yote, imeandikwa kwamba neno Wahindu litahesabiwa kuwa na Masingasinga, Wajaini na Wabudha ndani yake. Wanasheria husema maneno hayo yana shabaha ndogo tu. Lakini mtu ambaye kwa miaka mia nne na zaidi amekuwa akisema mimi ni fulani, kisha akajikuta ameandikwa chini ya jina la mwingine, hulisoma neno hilo kwa moyo, si kwa kamusi. Mwaka 1955 sheria ya ndoa za Kihindu nayo ikawahesabu Masingasinga ndani yake, na ni mwaka 2012 tu sheria ya Anand iliporekebishwa ili ndoa zao ziandikishwe kwa sheria hiyo yao.

Kutoka hapo ni rahisi kwa mtu kufika mahali pabaya, akasema kuwa kwa kuwa sitaki kumezwa, basi jirani ni adui yangu. Wako walioufikia ukingo huo, kwa pande zote mbili, na Punjab imelipa kwa damu. Kwa hiyo nataka tutazame tendo moja la zamani zaidi, la mwaka 1675.

Mfalme wa Delhi alikuwa Aurangzeb. Mapokeo ya Masingasinga yasema kwamba Mabrahamani wa Kashmir, wakisongwa waiache dini yao, walikwenda Anandpur kumwomba msaada Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa tisa. Waandishi wa historia wanabishana juu ya sababu zote za kukamatwa kwake, na siasa za dola hazikukosekana. Lakini kwamba aliuawa kwa kukatwa kichwa mjini Delhi mwezi wa Novemba mwaka huo, kwa amri ya dola, hapana abishaye. Wala msomaji asidhani kuwa haya ni mashtaka juu ya Uislamu. Mwanzoni mwa karne ya 18, watoto wawili wa Guru Gobind Singh, ambao hata miaka kumi hawajafika, walipohukumiwa kifo huko Sirhind, aliyesimama kuipinga hukumu alikuwa Sher Muhammad Khan, mtawala wa Malerkotla, Mwislamu ambaye alikuwa akipigana vita upande wa maadui wa Guru. Masingasinga hawajamsahau hadi leo.

Turudi kwa Tegh Bahadur. Mabrahamani wale walivaa uzi mtakatifu, ule ule ambao Nanak aliukataa alipokuwa mtoto. Waliisujudia sanamu ambayo Tegh Bahadur hakuisujudia. Waliamini matabaka ambayo yeye aliyaona kuwa ni dhuluma. Hakuna dalili kwamba aliwataka kwanza waviache vitu hivyo ndipo awasaidie, wala kwamba alianza kusema kuwa tofauti ni ndogo na kwamba wote ni wamoja. Wako leo wasemao kuwa tendo lake lathibitisha kwamba Masingasinga ni tawi la Wahindu, walinzi wenye upanga wa dini hiyo. Naona wanaligeuza tendo juu chini. Mtu akifa kwa ajili ya uzi alioufunga begani mwake mwenyewe, tunamwita shujaa, na mashujaa wa namna hiyo wako katika kila dini. Uzi huu haukuwa begani mwake.

Mahali alipouawa ni Chandni Chowk, barabara ya soko katika mji wa kale wa Delhi, na hapo pamejengwa hekalu la Masingasinga liitwalo Sis Ganj. Barabara hiyo huanza kwa hekalu la Wajaini, kando yake hekalu la Shiva, halafu kanisa la Kibaptisti, kisha Sis Ganj na msikiti mdogo ulio jirani yake, na mwisho wa barabara upo msikiti wa Fatehpuri. Asubuhi Singasinga aendaye kusali huzisikia kengele za Shiva. Hageuki kuingia, na kengele zinaendelea kulia.